Mchaichai Usiochumwa

Tulimwacha Sekela amesimama ndani ya kamba, miguu peku, na fundi Romani amenyanyua sululu.

Wewe unayeanza leo usijali, nakupa kwa ufupi. Sekela ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Zamani aliuza chai na chapati pale Ubungo, mpaka mabasi yalipohamishwa na wateja wakahama nayo. Mumewe, Elibariki, ni Mpare, fundi wa viyoyozi, kazi yake iko Kipawa. Huyu bwana aliamka siku moja akatangaza kwamba nyumba yao ya Kibamba haitafungwa kiyoyozi mpaka yeye anaingia kaburini.

“Mie nafunga hizo mashine kila siku,” alisema. “Ndani baridi, nje zinamtemea jirani moto. Nyumba ikitengenezwa kwa akili inajipoza yenyewe.”

Ndiyo wakaanza kuikarabati. Paa likainuliwa, matundu yakaachwa chini ya bati ili joto lipate pa kutokea. Dari ya jipsamu ikashushwa, ikaja ya mianzi kutoka kwao Sekela. Bati likapakwa rangi nyeupe. Majirani wakacheka mpaka mbavu zikawauma: fundi wa AC anajijengea banda la kuku! Mvua ikawakuta paa liko wazi, godoro likaelea, kaka yake Elibariki akawasusa. Katika yote hayo Sekela hakusema hata siku moja kwamba amechoka. Alilala chini ya turubai na akacheka.

Ikabaki kazi ya mwisho, tangi la chini ya ardhi la kuvunia maji ya paa. Elibariki akapigilia vigingi na kuzungusha kamba kwenye kona ya ua, palipo na kichaka cha mchaichai. Hapo ndipo yule mwanamke mpole alipoingia ndani ya kamba akagoma kutoka.

Na yule dada aliyenitumia ujumbe kwamba Sekela ana kiburi, kwamba mwanaume anahangaika na nyumba yeye anagombania majani ya chai, nakuomba usome mpaka mwisho. Ukimaliza, tuongee mimi na wewe.

“Toka, mke wangu,” Elibariki akasema. “Jua linapanda, mafundi wanasubiri.”

“Sitoki. Chimba kwingine, Eli. Ua wote huu!”

“Kwingine wapi? Maji hayapandi mlima. Hii ndiyo kona ya chini, maji yote yanakujaga hapa. Masika si panakuwaga bwawa hapa, wewe mwenyewe hujui?”

“Najua.”

“Sasa nipe sababu. Moja tu. Nikiiona ina kichwa na miguu nang'oa vigingi sasa hivi.”

Sekela akageuza uso upande wa mchaichai.

Sababu alikuwa nayo. Ngoja niwaambie, maana haya aliniambia mwenyewe, tena akiwa amenipa mgongo.

Miaka tisa iliyopita Sekela alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Kwao, mtoto wa namna hiyo ni shughuli ya wanawake. Hakuna turubai, hakuna matanga, hakuna sahani ya rambirambi inayopitishwa. Wanawake wawili wa karibu wanamchukua, wanampumzisha, wananawa mikono, wanarudi jikoni kama watu waliotoka kuchota maji. Baba haulizi ni wapi. Mama haoneshwi mahali hapo siku hiyo. Anakuja kunong'onezwa baadaye, na akishanong'onezwa anafunga mdomo.

Yeye wakati huo alikuwa bado kitandani hospitali, damu imemwishia. Waliofanya kazi ile walikuwa dada yake mkubwa, Bupe, na jirani yao Bi Mauwa, mama mtu mzima wa Lindi. Huyu Bi Mauwa ndiye aliyekuwa akiwaletea kisamvu wakati wanajenga, kwenye bakuli lake la bati la maua mekundu. Sasa naye ni marehemu, Mungu amrehemu.

Sekela alipotoka hospitali, Bupe alimshika mkono, akamsogeza dirishani, akamwonesha kona ya ua.

“Yuko pale,” akamwambia. “Hatutazungumza tena.”

Kesho yake Sekela akapanda mchaichai pale.

Na hajawahi kuuchuma. Elibariki hanywi chai isiyo na mchaichai, kwa hiyo Sekela alikuwa anaununua sokoni Mbezi, anapita nao mbele ya kichaka chake mwenyewe, anaingia nao jikoni. Mumewe alimtania mbele za wageni: “Huyu mke wangu tajiri bwana, ana shamba la mchaichai na bado ananunua!” Wageni wakacheka. Sekela naye akacheka. Jamani, mtu anawezaje kucheka hivyo miaka tisa?

Mtoto mwingine hakuja. Mtaani kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mwanawe, mnajua wenyewe. Sekela walimwita Mama Eli, jina la mume, kwa kukosa lingine la kumpa. Ile kona ndiyo ilikuwa mahali pekee duniani alipokuwa mama wa mtu.

“Sina sababu,” akamjibu mumewe. “Nakuomba tu.”

Elibariki akatikisa kichwa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hachagui maneno.

“Hata wewe? Kaka amenicheka, majirani wamenicheka, kanisani wananicheka. Nikajipa moyo kwamba nyumbani nina mtu mmoja. Kumbe na wewe ulikuwa unanisubiri mwisho unikwamishe?”

Ikamchoma. Mambo yote aliyoyavumilia na huyu bwana, leo anaambiwa hivyo mbele ya mafundi? Akainua mguu, akatoka kwenye kamba. Aliniambia hata hakuhisi kama ametoka.

“Romani, piga kazi.”

Sululu ikashuka mara moja. Kichaka kikapasuka katikati, na harufu ya mchaichai ikajaa ua mzima, ile harufu ya chai ya asubuhi.

Sekela akapiga ukelele. Romani alikuja kusema kwamba hajawahi kusikia mtu akilia vile tangu azaliwe. Mama wa watu akajitupa pale pale, mikono imekumbatia majani, sululu nusura imshukie kichwani.

“Mwanangu yuko hapa! Mtampiga mwanangu!”

Romani akatupa sululu pembeni. Wenzake wawili wakatazamana, wakaokota madumu yao ya maji, wakatoka nje ya geti bila kuambiwa. Romani naye akawafuata.

Elibariki alibaki amesimama, mkono mmoja bado umeshika kamba.

“Mwanao yupi?” akauliza, sauti imekuwa ndogo.

“Tuna wangapi, Eli?”

Akakaa chini kwenye vumbi.

“Mie nilijua hospitali ilishughulikia,” akasema.

“Nani alikwambia?”

“Hakuna aliyeniambia. Bupe alisema ameshapumzishwa, basi. Ningeulizaje? Si mnasema baba haulizi?” Akajifuta uso kwa kiganja. “Kila siku nikienda kazini, gari likipita pale hospitalini navua kofia. Konda mmoja aliwahi kuniuliza, braza, huyo unayemsalimia kila siku ni nani? Miaka yote hii, Sekela. Kumbe nasalimia ukuta.”

Akalia. Sekela hakuwahi kumwona analia, hata siku ile ya hospitali, na kwa miaka tisa alikuwa amemwekea kinyongo kwa jambo hilo. Alidhani mwenzake hakuumia.

“Na oili,” Elibariki akashtuka. “Mungu wangu! Mwaka juzi nilimwaga oili chafu ya jenereta hapa hapa.”

“Najua.”

“Ulijua ukanyamaza?”

“Ulipoenda kazini niliutoa udongo wote kwa kijiko. Nikaleta mwingine kutoka kwa jirani. Usilie kwa hilo, nilishamsafishia.”

Wakakaa pale chini, wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kichaka. Walikuwa hawajakaa hivyo siku nyingi sana.

Elibariki akainuka, akang'oa vigingi. Akaviringisha kamba.

“Hapa hapaguswi,” akasema. “Hata kama nyumba nzima itakosa maji.”

“Tangi litaenda wapi? Si umesema maji hayapandi mlima?”

Elibariki akaizunguka nyumba yake kama mtu anayeitafuta shilingi iliyoanguka, Sekela nyuma yake. Akasimama kwenye stoo ya nyuma, kile chumba kidogo kinachopigwa na jua la jioni. Mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kubomoa ukuta mmoja wa stoo igeuke baraza, upepo uingie ndani. Akatazama juu, akaona mifereji yote miwili ya paa inakutana pale pale.

“Hapa,” akasema. “Tunavunja sakafu, tunachimba, tunajengea, tunafunika. Juu tunakaa sie, chini yanakaa maji. Yanakuwa kivulini, hata mbu hawayaoni. Tena ni pazuri kuliko kule! Sijui kwa nini sikupafikiria.”

“Ulikuwa unaionea huruma sakafu yako,” Sekela akamtania.

“Ni kweli.” Akacheka kidogo. “Niliimwaga mwenyewe.”

Hiyo sakafu nayo ina habari yake. Sekela alipokuwa amelazwa, nyumba ilikuwa haijaisha. Stoo peke yake ndiyo ilikuwa imeshapauliwa, lakini chini ni udongo mtupu. Elibariki hakujua amfanyie nini mwanamke anayerudi nyumbani mikono mitupu. Kuongea hajui, yeye ni fundi. Basi akachanganya zege peke yake, akamwaga sakafu ya kile chumba, akaipiga mwiko mpaka ikang'aa, ili mkewe akirudi akute japo kitu kimoja kimekamilika.

Sekela alikuta imekauka. Akaivulia viatu kabla hajaikanyaga.

Mafundi walirudi kesho yake. Wote watatu wakamwamkia Sekela, “Shikamoo mama,” hata yule mmoja anayemzidi umri. Akawaitikia hivyo hivyo, afanyeje?

“Bosi, zege hili ulilimwaga na hasira?” Romani akauliza, nyundo inadunda tu.

“Siyo hasira,” Elibariki akajibu, akaishia hapo.

“Hebu nipeni na mie,” Sekela akasema.

Wakacheka. Akaishika nyundo kwa mikono miwili, akapiga. Hola. Akapiga tena. Akavuta pumzi, akapiga kwa nguvu zake zote, na ufa ukakimbia kutoka katikati ya chumba mpaka ukutani. Mafundi wakampigia makofi na vigelegele vya kiume vile visivyo na mpangilio.

Mikono ilimuuma sana, na aliniambia alifurahia kila ilipomuuma. Kila pigo alilolipiga pale stoo ni pigo ambalo halitamfikia mwanawe kule konani. Ndivyo alivyohesabu.

Hapo nilimwomba anyamaze kidogo nikanywe maji. Endeleeni tu, mtajua kwa nini.

Vipande vya zege havikutupwa, Elibariki hatupi kitu siku hizi. Alivibeba mwenyewe mpaka uani, akavipanga kuuzunguka mchaichai, safu mbili, ili masika maji yasimwingilie mtoto. Kile kichaka kilichopasuliwa akakifunga kwa kamba ya katani kishikane tena. Sekela alikuwa anamwangalia kutoka jikoni, akawa anakosea kukata vitunguu.

Siku hiyo walikula wamekaa kwenye matofali, uani.

“Alikuwaje?” Elibariki akauliza.

“Hukumwona?”

“Nilikatazwa. Na mie nikaogopa, nikashukuru nimekatazwa.”

“Alikuwa na masikio yako. Yamesimama.”

“Maskini mtoto!”

Wakacheka. Wakacheka mpaka wakalia, na walipolia hakuna aliyemkimbia mwenzake.

“Tumpe jina,” Elibariki akasema.

“Mtoto wa hivyo hapewi jina.”

“Nani kasema?”

“Wote wanasema.”

“Ni haohao waliosema baba haulizi. Mie nimeuliza, na sijafa.”

Sekela akatazama sahani yake.

“Asifiwe,” akasema.

Alikuwa nalo tayari. Miaka yote hiyo alikuwa nalo, hajawahi kulitoa mdomoni, alikuwa analisema kichwani tu wakati anamwagilia maji.

Kabla ya hapo alikuwa ameshampigia simu dada yake. Bupe anakaa Kipawa, ni mwanakwaya, mtu ambaye akiwa getini sauti yake unaisikia ukiwa chumbani. Sekela alimmwagia habari zote kwa pupa: dada, Eli anajua. Hakukasirika, dada, amelia. Njoo Jumamosi tuombe pale kwa mtoto, wewe ndiye uliyemlaza, wewe ndiye utakayetuongoza.

Simu ikawa kimya. Sekela akadhani salio limekwisha.

“Dada?”

“Nipo,” Bupe akasema. “Nitakuja. Kuna jambo hata mie nataka kukwambia, mdogo wangu. Siyo la simu.”

Sekela hakulitilia maanani. Ana furaha, atalitiliaje maanani? Na habari ya tangi kuhamia stoo hakuigusa kabisa, maana nani anamweleza dada yake mambo ya mashimo siku kama hiyo?

Jumamosi ikafika. Elibariki alivaa nguo zake za kazi akaingia shimoni na Romani, wakipokezana sululu. Alitaka Bupe akifika akute kazi imesogea, aone kwamba shemeji yake siyo mwendawazimu kama wanavyosema kanisani. Walikuwa wameshafika kiunoni.

“Mama Asifiwe!” akaita kwa sauti, mafundi wote wanasikia. “Tuletee maji ya kunywa!”

Sekela alikuwa jikoni. Akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyeingia, ni mgeni gani huyo anayeitwa. Hakuona mtu. Ndipo akaelewa, akashika fremu ya mlango.

“Abee!” akaitikia. “Naleta, Baba Asifiwe!”

Jirani wa upande wa pili akachungulia juu ya ukuta. Mwacheni achungulie. Sekela alibeba jagi lile kichwa kiko juu, akaona hata njia ya kutoka jikoni kwenda stoo imekuwa fupi. Nakwambieni, kama hadithi hii ningeweza kuisimamisha popote nipendapo, ningeisimamisha hapo, nikazima taa nikalala.

Bupe akafika kabla ya saa sita, mshumaa mkononi na maua ya bogenvilia aliyoyachuma kwenye nyua za watu njiani.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, mdogo wangu.” Basi. Hakuuliza habari za nyumba, hakumcheka kwa rangi nyeupe ya bati, hakuimba. Sekela akamshika mkono akampeleka konani moja kwa moja.

“Ona Eli alivyomjengea,” akasema. “Na tumempa jina. Anaitwa Asifiwe. Mie sasa ni Mama Asifiwe, dada, unasikia?”

Akapiga magoti. Bupe hakupiga.

“Piga magoti, dada.”

“Sekela.”

“Washa mshumaa basi, upepo usije ukazidi.”

“Sekela, inuka. Hayupo hapo.”

“Nani hayupo?”

“Siku ile ilinyesha tangu alfajiri. Kona hii yote ilikuwa bwawa. Tulichimba, maji yakajaa. Tukasogea, tukachimba tena, yakajaa. Mie nimembeba, tumelowa wote. Bi Mauwa akaniambia, Bupe, hatuwezi kumlaza mtoto wa watu ndani ya maji, hata kama hakulia. Tukatafuta pakavu.”

Sekela alikuwa anamtazama mdomo. Maneno aliyasikia, lakini hayakuingia.

“Pakavu palikuwa pamoja tu,” Bupe akasema. “Palipokuwa na paa.”

Kutoka nyuma ya nyumba sululu ilikuwa inasikika. Dudu. Dudu. Bupe hakuwa anaisikia, alikuwa amefumba macho, anatua mzigo wake wa miaka tisa.

“Bi Mauwa akasema udongo usimwangukie usoni. Akakimbia kwake akaleta lile bakuli lake la bati, lile la maua mekundu, akamfunika nalo. Nilikuwa nikwambie ukipata nafuu, haki ya Mungu. Kesho yake nikaja kupanda hata ua, nikamkuta shemeji ameshamwaga zege. Yuko chini anapiga mwiko. Akaniuliza, shemeji, unadhani ataipenda? Mie ningemwambia nini? Na wewe ungewezaje kuweka gunia la mkaa juu ya mwanao, upite juu yake kila siku? Nikakuonesha kona. Nikasema bora awe na pa kutazama.”

Mchaichai ulikuwa pale pale, umefungwa kamba ya katani, umezungushiwa vipande vya zege. Sekela akavitazama vile vipande. Akavitambua.

Bupe akafumbua macho.

“Hiyo sauti ni ya nini?”

Sekela akageuza kichwa upande wa stoo.

“Sekela, nakuuliza. Nani anachimba huko ndani?”

“Tangi,” akasema. “Tumelihamisha.” Akashika gauni la dada yake kwa mikono yote miwili. “Nimelihamisha mie, dada. Nimelia mpaka wakalihamisha. Nyundo ya kwanza kupasua sakafu nimepiga mie.”

Bupe akatupa maua, akakimbia. Mwili mkubwa, kitenge kimembana, akajikwaa kwenye madumu ya mafundi akaanguka mzima mzima. Ile sauti yake ya kwaya ikamkwama kooni, ikatoka pumzi tupu.

Sekela akajaribu kuinuka. Miguu ikakataa. Akaweka viganja chini, akasukuma, ikakataa tena. Akaanza kwenda kwa magoti.

Dudu. Dudu.

Kisha sululu ikashuka, na safari hii haikutoa mlio wa udongo. Ilitoa mlio wa bati.

Sekela akafungua mdomo kumwambia mumewe asiguse kitu. Ukelele ule alioupigia majani, leo aliutafuta kifuani hakuupata.

“Mama Asifiwe!” Elibariki akaita kutoka shimoni, kwa furaha, kama mtoto aliyeokota kitu. “Njoo uone maajabu! Bakuli la Bi Mauwa hili hapa, lile la maua mekundu! Sijui lilifikaje huku chini. Ngoja nikufunulie.”